KUCHAGUA PIKAPU YA DIZELI ILIYOKWISHA TUMIKA, YA KUVUTIA TRELA

Katika Kaunti za Migori na Homa Bay, nchi ambayo zamani ilikuwa wilaya moja ya South Nyanza, kazi za kuvuta trela ni nyingi. Mvuvi wa Muhuru Bay au wa Mbita hutaka kuipeleka mashua yake kwa fundi na kuirudisha ziwani. Mkulima wa Ndhiwa hupeleka njugu sokoni, wa Kabondo viazi vitamu, na wa Kuria mahindi. Mwenye biashara ya mahema na viti huitwa leo Rongo, kesho Oyugis, penye harusi na penye matanga. Mjenzi huvuta mashine ya kukorogea zege, na kijiji ambacho kisima chake kimekauka huletewa tangi la maji. Kazi hizi zote zaweza kufanywa na pikapu moja ya dizeli yenye trela nyuma yake. Na kwa kuwa pikapu mpya ni ghali mno, watu wengi hununua iliyokwisha tumika.

Fedha za kununulia gari la namna hiyo aghalabu si za mtu mmoja. Huwa ni akiba ya miaka mingi, au mkopo wa chama cha akiba na mikopo, au mchango wa ndugu na jamaa. Likinunuliwa gari bovu, hasara huingia katika nyumba nyingi. Na gari likishindwa kusimama mteremkoni, huku trela lenye mzigo likilisukuma kwa nyuma, hasara si ya fedha tena bali ya roho za watu. Kwa sababu hiyo yafaa jambo hili lielezwe kwa taratibu.

Neno la kwanza la kushika, ambalo ndilo msingi wa mengine yote, ni hili: kuvuta si kazi ngumu kwa injini ya dizeli, kazi ni kusimama, na kupanda mlima mrefu bila kupata moto kupita kiasi. Wanunuzi wengi huuliza gari lina nguvu kiasi gani. Ni wachache waulizao litasimama namna gani.

SABABU YA KUPENDA DIZELI

Injini hii ilibuniwa na mhandisi Mjerumani, Rudolf Diesel, na ile ya kwanza iliyofaulu ilijaribiwa katika mji wa Augsburg mwaka wa 1897. Katika injini ya petroli, mafuta huwashwa kwa cheche ya umeme itokayo katika plagi. Katika injini ya dizeli hakuna cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ikawa ndogo kiasi cha mara 16 hadi 22 kuliko ilivyokuwa, na kwa kubanwa hivyo hewa hiyo hupata joto kali, zaidi ya digrii 500 za Selsiasi. Mafuta yanyunyizwapo ndani yake huwaka yenyewe.

Faida kwa mwenye kuvuta ni kwamba injini ya dizeli hutoa nguvu zake kubwa za kukokota ikiwa inazunguka polepole. Pikapu nyingi za petroli za lita mbili hufikia upeo wa nguvu hizo karibu na mizunguko 4,000 kwa dakika. Pikapu za dizeli zenye turbo, yaani kipepeo kinachosukuma hewa nyingi ndani ya injini, hufikia upeo huo zikiwa chini sana ya hapo. Nyingi hufika kwenye mizunguko 2,000 hivi. Kwa hiyo gari la dizeli huondoka na mzigo bila injini kupiga kelele, na mafuta yaliwayo ni kidogo kuliko ya petroli kwa kazi ile ile.

Turbo ina manufaa mengine katika nchi hii. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na mji wa Kisii, ambako magari mengi ya Migori na Homa Bay hupita kwenda sokoni, uko karibu mita 1,700. Juu huko hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Pikapu ya zamani isiyo na turbo yaweza kuvuta vizuri ufukoni Kendu Bay, lakini ikachoka kabisa katika barabara ipandayo kutoka Rongo kwenda Kisii.

MZIGO UPIMWE KABLA YA GARI KUTAFUTWA

Mtu asianze kwa kutazama magari. Aanze kwa kuhesabu mzigo wake, naye anaweza kufanya hesabu hiyo kwa kalamu na karatasi nyumbani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 1,000 lililojaa ni kilo 1,000, mbali na uzito wa tangi lenyewe. Gunia la mahindi ni kilo 90. Magunia 20 ni kilo 1,800. Trela lenyewe lisisahauliwe, maana trela la chuma lililoundwa na fundi wa mjini huweza kuwa na kilo 400 au zaidi kabla ya kutiwa kitu chochote.

Chukuliwe mfano wa mtu atakayeuza maji. Tangi lake la lita 1,000 pamoja na trela la kilo 400 ni kilo 1,400. Pikapu yenyewe ikiwa tupu yaweza kuwa na kilo 1,700 hivi. Jumla ni kilo 3,100, nazo zote zategemea breki za pikapu ikiwa trela halina breki zake. Watengenezaji wa pikapu nyingi za kiasi hiki huandika katika kitabu cha gari kwamba trela lisilo na breki lisizidi kilo 750. Mwuza maji huyu amezidisha karibu mara mbili, wala hajui, kwa kuwa siku anapojaribu gari barabara ni tambarare na gari linavuta bila shida. Siku itakapomfunulia kosa lake ni siku ya mteremko na mvua.

Kuna njia mbili za kutoka katika shida hiyo. Ama apunguze mzigo, awe na tangi dogo na safari nyingi; ama anunue trela lenye breki zake lenyewe, kisha atafute pikapu ambayo kitabu chake kinaruhusu uzito huo. Baadhi ya pikapu za miaka ya karibuni huruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 zikiwa na trela lenye breki, lakini zile za zamani zaidi huruhusiwa kiasi kidogo kuliko hicho. Kiasi chenyewe hutofautiana kwa injini, kwa mwaka na kwa aina ya gia. Kwa hiyo kisomwe katika kitabu cha gari lile lile linalonunuliwa, kisichukuliwe kwa maneno ya mwuzaji.

AINA ZA PIKAPU ZIPATIKANAZO

Pikapu zionekanazo sana katika barabara za Migori na Homa Bay ni Toyota Hilux na Isuzu D-Max. Nyingine ni Nissan, Mitsubishi L200 na Ford Ranger, na kwa mizigo mizito na njia mbaya, Toyota Land Cruiser. Isuzu D-Max huunganishwa hapa nchini, Nairobi, na kampuni ya Isuzu East Africa, ambayo mpaka mwaka wa 2017 iliitwa General Motors East Africa.

Swali la maana si jina lililo juu ya boneti, bali ni hili: je, fundi aliye karibu aijua injini hii, na je, spea zake zapatikana Migori, Kisii au Kisumu bila kungojea wiki nzima? Gari zuri lisilo na spea ni mzigo kwa mwenyewe. Likilala gereji siku kumi, siku kumi hizo maji hayauzwi na mkopo haulipwi.

Yapasa pia kufahamu tofauti ya injini za zamani na za sasa. Injini za zamani, kama ile ya lita 4.2 ya Land Cruiser yenye pistoni sita, huendeshwa na pampu ya chuma, na fundi mzoefu huweza kuzitengeneza kwa vyombo vya kawaida. Zina nguvu za kiasi tu, lakini huvumilia taabu. Injini za miaka ya 2000 na kuendelea huongozwa na kompyuta, na mafuta yake husukumwa katika nozeli kwa shinikizo lizidilo mara elfu moja shinikizo la hewa ya kawaida. Zina nguvu nyingi na hula mafuta kidogo. Lakini matundu ya nozeli zake ni madogo mno, na uchafu au maji kidogo huziharibu. Seti moja ya nozeli mpya ni ghali sana. Mnunuzi wa injini za namna hii hana budi kuwa mtu atakayetia mafuta safi siku zote.

CHESISI NDIYO MIFUPA YA GARI

Injini ikifa hutengenezwa au hubadilishwa. Chesisi, yaani zile nguzo mbili za chuma zinazobeba gari lote, ikipinda au ikioza, gari hilo halifai tena kuvuta. Basi ukaguzi uanzie chini ya gari, wala usianzie kwenye rangi na viti. Rangi mpya haina budi kuongeza shaka, si kuiondoa. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Gari lililobeba samaki litazamwe kwa uangalifu mkubwa. Maji ya barafu yaliyochanganyika na majimaji ya samaki hutiririka katika sakafu ya pikapu siku baada ya siku, hupenya katika viungo na kuila chesisi kwa kutu kutoka ndani. Mnunuzi achukue nyundo ndogo na kugonga chesisi mahali pengi, hasa juu ya ekseli ya nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito kama ya kibuyu.

Gari lililobeba mchanga au mawe lina dalili nyingine. Mzigo mzito huipinda chesisi nyuma ya chumba cha dereva. Mnunuzi asimame mbali kidogo, ubavuni mwa gari, atazame ule mwanya ulio kati ya chumba cha dereva na sanduku la mizigo. Mwanya ukiwa mpana juu kuliko chini, au mpana chini kuliko juu, mgongo wa gari umepinda. Kisha atafute alama za kuchomelewa. Chesisi iliyounganishwa kwa kuchomelewa baada ya ajali isinunuliwe kwa kazi ya kuvuta, hata bei ikiwa ya chini namna gani. Springi nazo zihesabiwe na kutazamwe kama kuna jani lililovunjika, au majani yaliyoongezwa ili gari libebe kupita kipimo chake.

INJINI IJARIBIWE IKIWA BARIDI

Mwuzaji mjanja huiwasha injini mapema ili mnunuzi aikute ina joto, maana injini yenye joto huficha maovu mengi. Mnunuzi na afike asubuhi, aweke mkono juu ya boneti kabla ya neno lolote. Ikiwa ina joto, aseme atarudi siku nyingine bila kutoa habari.

Injini baridi iwakapo, moshi husema mengi. Moshi mweupe unaoendelea baada ya injini kupata joto ni dalili ya mafuta yasiyowaka vizuri, au ya maji yaingiayo katika silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na maana yake pistoni au turbo imechakaa. Moshi mweusi mzito wakati wa kuongeza mwendo ni mafuta mengi kuliko hewa. Huenda ni chujio la hewa lililoziba tu, huenda ni nozeli zilizoharibika.

Baada ya hapo kifuniko cha kutilia oili kifunguliwe injini ikiwa inanguruma. Mvuke mchache si neno; lakini ikiwa hewa yatoka kwa kishindo kama pumzi ya mtu aliyekimbia, nguvu zinavujia chini ya pistoni na injini inakaribia mwisho wake. Rejeta nayo ifunguliwe, lakini kabla injini haijapata joto, kwa maana maji ya moto yaliyobanwa huunguza uso. Maji yenye ute wa oili, au oili yenye rangi ya maziwa na chai, huonyesha kwamba gasketi ya kichwa cha injini imepasuka. Gari la kuvuta lililowahi kupata moto kupita kiasi mara nyingi hupata moto tena.

Kilomita zilizoandikwa kwenye saa ya gari zisiaminiwe peke yake, kwani zaweza kurudishwa nyuma. Mpira wa kanyagio la klachi, usukani na kiti cha dereva ni mashahidi wa kweli zaidi. Ikiwa saa yasema kilomita chache na kanyagio limelika mpaka chuma, kanyagio ndilo lisemalo kweli. Kadhalika, kibao cha namba huonyesha gari liliandikishwa Kenya wakati gani, wala si mwaka lilipoundwa. Magari yaliyotumika huruhusiwa kuingizwa nchini mpaka yakiwa na umri wa miaka minane.

KLACHI, GIA NA BREKI

Klachi ndiyo ya kwanza kuungua katika gari linalovuta. Hujaribiwa hivi: gari likiwa mahali wazi pasipo watu, breki ya mkono ivutwe sana, itiwe gia ya tatu, na kanyagio la klachi liachiliwe polepole huku injini ikitiwa mafuta kidogo. Injini ikizimika mara moja, klachi ni nzima. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza na haitavuta trela. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, kwani lenyewe huila klachi.

Sauti ya kulia katika giaboksi au katika difu, ambayo huongezeka kwa mwendo, ni dalili ya beringi na meno yaliyolika. Gari lenye kuendesha magurudumu manne lijaribiwe kwa gia hizo pia, maana nyakati za masika udongo mweusi wa bonde la Lambwe hunata kama ulimbo, na mtu atazihitaji. Lakini gia hizo zijaribiwe penye mchanga au matope; kwenye lami huweza kuumia.

Sasa breki. Mambo mawili yafahamike. La kwanza, mwendo ukizidishwa mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne. Atokaye kilomita 40 kwa saa akaenda 80 ameongeza hatari yake mara nne, si mara mbili. La pili, breki zikikanyagwa mfululizo katika mteremko mrefu hupata joto jingi mno. Mafuta ya breki yaliyozeeka huwa yamefyonza unyevu wa hewa, na unyevu huo ukichemka hugeuka mvuke. Kanyagio huzama mpaka sakafuni na gari halisimami. Kwa hiyo mnunuzi wa gari lililokwisha tumika abadilishe mafuta ya breki yote, hata akiambiwa ni mapya. Gharama yake ni ndogo, na faida yake ni uhai.

Na dereva akumbuke kanuni ya zamani ya madereva wa malori: mteremko ushukwe kwa gia ile ile ambayo ingetumika kuupanda. Injini itazuia mwendo, na breki zitabaki na nguvu mpaka zitakapohitajiwa.

CHUMA CHA KUVUTIA

Magari mengi huuzwa yakiwa na chuma cha kuvutia kilichokwisha fungwa, na mwuzaji hulisifu jambo hilo. Litazamwe kwanza. Chuma kilichochomelewa kwenye bampa ni mtego. Bampa ni pambo na kinga ndogo, haikuundwa kuvuta tani moja. Chuma halali hushikwa kwa bolti nene kwenye chesisi yenyewe, pande zote mbili. Kiwepo pia kiungo cha mnyororo wa usalama, ili kiungo kikikatika trela lisiende peke yake katikati ya watu wa soko. Waya za taa za trela nazo zijaribiwe zote: taa za nyuma, za kusimama na za kukunja.

Mzigo wenyewe upangwe kwa akili. Sehemu kubwa ya uzito iwe mbele kidogo ya ekseli ya trela, hata shingo ya trela ikalalia kiungo kwa uzito wa karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wote. Katika mfano wa kilo 1,400, shingo ilalie kwa kilo 140 hivi. Mzigo ukirundikwa nyuma, shingo huinuka, na gari likishika mwendo trela huanza kuyumba kushoto na kulia, likaongeza kuyumba mpaka likalipindua gari. Likianza kuyumba, dereva asikanyage breki kwa ghafula wala asipigane na usukani. Aachilie mafuta na kushika usukani imara mpaka litulie.

Wenye mashua wana onyo lao pekee. Beringi za trela huwa na joto zifikapo ufukoni. Zikitumbukizwa ziwani papo hapo, hewa iliyo ndani husinyaa kwa ghafula na kufyonza maji, grisi huharibika, na gurudumu huja kukwama njiani siku nyingine. Trela lipumzishwe kwanza mpaka liguswe kwa mkono bila kuunguza, ndipo mashua iteremshwe.

SAFARI YA MAJARIBIO

Kulizungusha gari uwanjani si kulijaribu. Mnunuzi akubaliane na mwuzaji, aende pamoja na fundi wake mwenyewe, walifunge trela lenye mzigo wa kadiri, na kulipandisha mlima. Macho yawe kwenye mshale wa joto. Ukipanda katikati ukakaa hapo, ni vyema. Ukiendelea kupanda kila mlima unapozidi, rejeta, feni au gasketi ina ugonjwa. Wakati wa kushuka, breki zikanyagwe kwa kiasi, na itazamwe kama gari linavutwa upande mmoja au kama usukani unatetemeka. Mwuzaji akatazaye safari hii amekwisha jibu swali.

HATI NA MALIPO

Gari zima lenye hati mbovu ni bovu. Kabla ya kulipa, habari za gari zitafutwe katika daftari la Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, yaani NTSA, kwa njia ya eCitizen. Humo huonekana jina la mwenye gari, na kama benki ina haki juu yake kwa ajili ya mkopo. Namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma na namba ya injini zilinganishwe na zile za daftari, tarakimu kwa tarakimu. Uhamisho wa jina ufanywe pale pale; gari likibaki kwa jina la mwenye zamani, deni lake au kesi yake yaweza kumfuata mnunuzi.

Kwa kuwa mpaka wa Isebania na Sirari uko karibu, magari yenye namba za Tanzania hutolewa kwa bei ya kuvutia. Gari lisilolipiwa ushuru wa forodha laweza kukamatwa, na fedha za mnunuzi zikapotea zote. Trela nalo huandikishwa na kupewa namba yake lenyewe, ianzayo kwa herufi Z. Dereva ahakikishe kwamba leseni yake yaruhusu kuvuta, na bima iandikwe kwamba gari litavuta trela, ili ajali ikitokea asiambiwe kwamba bima yake haikuhusu kazi hiyo.

MAFUTA SAFI NA UTUNZAJI

Zamani wafanyabiashara wengine wasio waaminifu walichanganya mafuta ya taa na dizeli, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa rahisi. Mwaka wa 2018 Serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya udanganyifu huo. Hata hivyo hadhari ni njema. Dizeli huilainisha pampu inapopita ndani yake. Mafuta ya taa hayana ulaini huo, na pampu husagika chuma kwa chuma. Dizeli inayouzwa kwa madebe kando ya njia, kwa bei iliyo chini ya ile ya vituo vyote vya mji, isitiwe katika injini ya sasa.

Chujio la dizeli lina kikombe cha kukusanyia maji. Kimwagwe mara kwa mara. Oili ya injini ya gari linalovuta ibadilishwe mapema kuliko ya gari la kawaida, na mafundi wengi hushika desturi ya kilomita 5,000. Oili ya difu na ya giaboksi, ambayo husahauliwa na wengi, ibadilishwe mara gari linunuliwapo, kwa sababu hakuna ajuaye mwenye zamani aliibadilisha lini.

Mwenye kununua kwa utaratibu huu huenda akaonekana mwenye mashaka mengi, na pengine atayakataa magari matatu au manne kabla ya kulipata moja. Asione haya. Fundi aliyelipwa ujira wa siku moja kwa kulikagua gari bovu ameokoa akiba ya miaka mingi. Na mtu anunuapo pikapu ya kuvutia trela ayaulize maswali yake kwa mpangilio huu: Mzigo wangu ni kilo ngapi? Gari hili, pamoja na mzigo huo, litasimama? Mifupa yake ni mizima? Akipata majibu mema kwa hayo matatu, ndipo aulize kama lina nguvu.